Mbu wa Namawala ndani ya programu huria

Bonde la Kilombero likijaa maji, mpunga hustawi na mbu nao hustawi. Huko Namawala, kijiji kilicho jirani na Ifakara, watafiti waliwahesabu mbu hao karibu na mwaka 1990, wakakuta mwanakijiji aking'atwa na mbu mwenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Takwimu hizo zikapelekwa Basel, Uswisi, kwa taasisi iliyofungua maabara Ifakara katika miaka ya 1950.

Huko zikalisha modeli ya kompyuta. Ndani yake watu wa kubuni huzaliwa, hung'atwa, hupata kinga, huugua na kutibiwa, hatua moja ikiwa siku 5. Kwa kuwa mengi humo huamuliwa kwa bahati nasibu, jaribio moja halitoshi; sharti lirudiwe maelfu kwa maelfu. Wenye fedha wangenunua kompyuta kubwa. Watafiti wa Basel walichagua BOINC, programu huria ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kupitia mradi wa malariacontrol.net watu wa kujitolea wakaazimisha kompyuta zao za nyumbani zilipokuwa hazina kazi.

Ufundi wenyewe uko hapa. Kompyuta ya huyu ina Windows, ya yule ina Linux, na desimali za mwisho huweza kutofautiana. Tofauti hiyo ndogo yatosha kumpa homa mtu wa kubuni aliyekuwa mzima, na kuanzia hapo historia ya kijiji kizima hugeuka. Kwa hiyo BOINC huweza kutuma kazi moja kwa kompyuta zaidi ya moja na kulinganisha majibu, hata kuzipanga kompyuta zinazofanana kwa makundi. Bila hivyo ungebaki kumwamini kila mgeni kwa kauli yake.

Modeli ilianza kwa lugha ya Fortran, ikahamishiwa C++, kisha msimbo wake ukaachiwa wazi kwa jina OpenMalaria. Wengi husifu kwamba ni ya bure. Mimi naona hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba msimu wa mbu huandikwa katika faili la XML, mbali na msimbo. Mtafiti wa Kigoma akiona mvua zake si za Namawala, hubadilisha namba bila kuomba ruhusa.

Lakini leseni huria haimfundishi mtu C++. Mradi wa kujitolea ulifungwa mwaka 2016. Msimbo bado uko GitHub. Wahadhiri wa kompyuta, wapeni wanafunzi wenu waufungue.