Sanaa ya kidijitali: Jina letu mlangoni, Kiingereza sebuleni

Utambulisho wa mtu hukaa wapi? Je, ni katika sura, mavazi na mapambo yake, au ni katika kauli yake pia? Swali hili hunijia kila ninapotazama kazi za wasanii wetu wanaotumia kompyuta, kamera na uhuishaji kuuliza sisi ni nani na teknolojia inatupeleka wapi. Kazi hizo ni nyingi, na baadhi ni nzuri ajabu. Hata hivyo, uhakiki wa Kiswahili umezipita tu, eti kwa kuwa si riwaya, si tamthilia wala si ushairi. Sioni mantiki ya hilo. Kazi yoyote inayodai kuusemea utamaduni wetu yafaa ihojiwe kwa lugha ya utamaduni huo.

Tuanze na Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu iliyotoka mwaka 2009 na kuonyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani, mwaka uliofuata. Dunia imekauka baada ya vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, na hata jasho na mkojo wao huchujwa uwe maji ya kunywa. Asha, mtunzaji wa jumba la makumbusho, anapata udongo wenye unyevu, anaotesha mbegu ndani yake, kisha anatoroka aende kuupanda mche huo nje.

Jina la filamu ni neno moja tu la Kiswahili, nalo limebeba maudhui yote. Mti hupumua, mtu hupumua, na mmoja akikata pumzi mwenzake naye hana siku nyingi. Ndani ya jumba hilo la makumbusho kuna mbegu iliyoandikiwa Maitu, neno la Kikuyu lenye maana ya mama, na maelezo yake yanalichambua neno hilo hadi likatoa maana ya "ukweli wetu". Hapo msanii ameonyesha kwamba anajua uzito wa lugha.

Lakini ukitoka hapo, lugha zetu zinakoma. Asha huwasiliana na wakuu wake kupitia mashine, na kinachosikika ni Kiingereza. Utaniambia kwamba ukimya wa vinywa ni wa makusudi: utawala unaowabania watu maji umewabania na sauti pia. Nakubali, tena hapo filamu inafaulu sana. Mbona basi Asha anapozivuka kuta anapata jua na mchanga, ila kauli hapati?

Hebu sasa tutazame MaaSci, mkusanyiko wa picha aliouunda Jacque Njeri mwaka 2017. Njeri alichukua picha za Wamaasai, akaziunganisha kwa kompyuta na mandhari ya anga za juu, wakawa wakazi wa sayari za mbali. Fikra hii ni ya kijasiri. Tangu enzi za ukoloni Mmaasai amechapishwa kwenye kadi za posta kama mtu wa jana, asiye na lake katika dunia ya leo. Njeri anampa kesho, tena bila kumvua shuka wala shanga.

Tatizo ni kwamba shuka na shanga ndizo alama zilezile ambazo mtalii amezizoea. Mmaasai anafika angani, naam, ila anafika akiwa bubu. Ilhali jamii hii ina lake la kusema kuhusu anga! Katika Kimaa mwezi ni olapa na jua ni enkolong. Masimulizi yao yanasema wawili hawa walikuwa mke na mume, wakapigana hadi wakajeruhiana. Jua likaona haya kutazamwa majeraha, likaanza kuwaka vikali ili macho ya watu yasiliweze. Mwezi haukujali, ndiyo maana hadi leo tunauona na makovu yake. Waswahili nao waliliita kundi moja la nyota Kilimia, kwa kuwa liliwaelekeza wakati wa kulima. Picha ya Mmaasai mwezini ingekuwa na kina gani lau ingebeba kisa cha ugomvi ule?

Mtindo huu umeendelea. Mwaka 2023 jukwaa la Disney+ lilitoa Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu 10 za uhuishaji kutoka nchi sita za Afrika. Kenya iliwakilishwa na Ng'endo Mukii kwa filamu iitwayo Enkai, jina la Mungu kwa Wamaasai. Jina la mkusanyiko ni la Kiswahili, jina la filamu ni la Kimaa, lakini mazungumzo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Mgeni anabisha hodi kwenye mlango wenye jina letu, kisha anapokewa sebuleni kwa lugha aliyokuja nayo.

Sisemi haya kwa kuchukia Kiingereza. Mfano bora kabisa ninaoujua wa sanaa ya kidijitali iliyogusa utambulisho wa Wakenya ulizaliwa na Kiingereza. Nazungumzia Makmende.

Mwezi Machi 2010, kundi la Just a Band lilitoa video ya wimbo Ha-He. Shujaa wake, Makmende, ana nywele za afro na mavazi kama ya filamu za Marekani za miaka ya 1970. Hana shuka, hana kanzu, hana ngao. Ukimpima kwa mavazi utasema huyu si wetu. Mbona basi Wakenya walimpokea mara moja, wakajaza mitandao vichekesho na picha za kumkweza?

Jibu liko katika neno. Inasemekana jina hilo lilitokana na kauli ya Kiingereza "make my day", aliyoitamka Clint Eastwood katika filamu ya mwaka 1983. Watoto wa mitaa ya Nairobi wakaitafuna kauli hiyo hadi ikawa jina la jamaa anayejifanya hashindiki. Ni utaratibu uleule uliotupa "kipilefti" kutokana na "keep left". Vichekesho vingine viliandikwa kwa Kiingereza, tena kwa kuiga vile vya Wamarekani kuhusu Chuck Norris, lakini jina lilishapita kwenye ulimi wetu na kupata maana ambayo mgeni hawezi kuijua mpaka aelezwe. Shujaa wa mavazi ya kigeni alikuwa Mkenya kwa sababu ya lugha.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu ije akili unde, au akili mnemba kama wengine wasemavyo. Siku hizi msanii huandika maneno na mashine ikamchorea. Maneno yamekuwa brashi. Mashine nazo huona kile zilicholishwa. Mwaka 2018 Joy Buolamwini, mtafiti ambaye pia ni mshairi, na mwenzake Timnit Gebru walionyesha kwamba programu za kutambua jinsia kwa kutazama uso zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, na zisizidi asilimia 0.8 kwa wanaume weupe.

Ikiwa nyuso zilikosewa hivyo, lugha je? Niliwahi kuiandikia programu moja ya kuchora: mwanamke ameketi barazani anasuka ukili. Ikanipa mwanamke anayesukwa nywele. Ukili haukuonekana, na mkeka wa kesho haukuwepo. Msanii wa Lamu au Vanga akifanya kazi kwa chombo hicho, ama ataacha neno lake, ama atapokea picha isiyo yake.

Najua nitajibiwa kwamba Kiingereza ndicho chenye soko na wafadhili. Mbona tamthilia za Korea zinatazamwa hapa kwetu kwa tafsiri iliyoandikwa chini ya skrini, na watu wanalia zinapoliza?

Wito wangu ni huu. Wasanii wakae na wajuzi wa lugha kabla ya kazi kukamilika, badala ya kuwapigia simu mwishoni kuomba jina. Wahakiki nao waziingize kazi hizi darasani na magazetini. Wanuri Kahiu alituonyesha zamani kwamba neno moja la Kiswahili laweza kubeba ulimwengu mzima wa kesho. Ningependa siku moja nimsikie Asha, au mwenziwe, akilitamka neno hilo kwa kinywa chake.