Njia ya Kwenda na Njia ya Kurudi

Pakiti ya data inapotoka kwenye kompyuta ya ofisini kwenda kwenye seva iliyo winguni, kuna safari mbili: ya kwenda, na ya jibu kurudi. Kwa kawaida kila ruta iliyo njiani hutazama anwani ya mwisho wa safari tu, haijali pakiti imetoka wapi wala jibu litapita wapi. Hakuna kinachozilazimisha safari hizo mbili zifuate barabara moja. Hapo ndipo huzaliwa hitilafu nyingi za mitandao inayounganisha ofisi na wingu, na hapo ndipo kazi ya fundi hodari hutengana na ya fundi wa kubahatisha. Anayetaka kumpima fundi amsikilize anavyoanza. Akiuliza mapema jibu linarudi kwa njia gani, ameshika penyewe.

Ofisi huungana na wingu kwa namna mbili kubwa. Ya kwanza ni VPN ya IPsec, yaani mahandaki ya data iliyosimbwa yanayopita juu ya intaneti ya kawaida. Ya pili ni laini maalumu, kama Direct Connect ya AWS au ExpressRoute ya Azure, isiyopita kwenye intaneti ya umma. Juu ya njia hizo huzungumza itifaki ya BGP, ambayo kila upande huitumia kumtangazia mwenzake anwani unazoweza kuzifikia. Mashirika mengi huwa na zote mbili: laini maalumu kwa kazi za kila siku, VPN kwa akiba. Penye njia moja, hitilafu huwa wazi, kwani ama pakiti inapita ama haipiti. Penye njia mbili ndipo ustadi unapohitajika.

Dalili ya kwanza ya ubora ni jinsi hitilafu inavyoelezwa kabla ya kuguswa. “Mtandao hauendi” si maelezo, na fundi mzuri hayapokei kama yalivyo. Hutaka mambo matano: anwani ya anayetuma, anwani ya anayetumiwa, itifaki, poti na saa. Akiambiwa kwamba seva 10.20.4.15 imeshindwa kuifikia hifadhidata 172.16.8.10 kwa poti 5432 tangu saa 2:40 asubuhi, ilhali seva jirani yake inaifikia bila shida, uwanja wa kutafuta umekwisha kuwa mdogo sana. Kinyume chake ni fundi anayeanza kwa kuzima ruta na kuiwasha tena. Kufanya hivyo kunafuta ushahidi. Jedwali la njia hujengwa upya, miunganiko iliyokuwa imekwama hupotea, na hata mambo yakitengemaa hakuna ajuaye kilichotengemaa ni nini. Kesho yake hitilafu hurudi.

Kisha husomwa jedwali la njia, na kusoma huku kuna kanuni moja inayotangulia zote: kundi dogo la anwani hulishinda kubwa. Ruta iliyopewa njia ya 10.20.0.0/16 na nyingine ya 10.20.4.0/24 itaipeleka pakiti ya 10.20.4.15 kwa hiyo ya pili, hata kama ni nyembamba na ya mbali zaidi. Dunia ilikiona kisa hiki kwa ukubwa wake tarehe 24 Februari 2008. Pakistan Telecom, ikitekeleza agizo la kuifunga YouTube ndani ya nchi, ilitangaza 208.65.153.0/24, na tangazo hilo likavuja nje. YouTube yenyewe ilikuwa ikitangaza 208.65.152.0/22, kundi kubwa zaidi, kwa hiyo trafiki ya sehemu kubwa ya dunia ikaelekea Pakistan. YouTube ilijibu kwa kutangaza nayo /24, kisha makundi madogo zaidi ya /25.

Kwenye mtandao wa ofisi na wingu mambo hutokea kwa kiwango kidogo lakini kwa namna ileile. Mtu huitangaza /16 kwenye laini maalumu, halafu siku ya majaribio mwingine anaitangaza /24 kwenye VPN na kuisahau. AWS huipendelea Direct Connect kuliko VPN pale makundi yanapolingana. Yasipolingana, upendeleo huo haufiki hata mezani, na trafiki ya mtandao ule mdogo hupita kwenye VPN miezi na miezi huku laini iliyolipiwa ikikaa bure. Azure nayo hutazama kwanza kundi dogo; yakiwa sawa, njia iliyoandikwa na mtumiaji huishinda iliyoletwa na BGP, na ya BGP huishinda ya mfumo. Fundi dhaifu akiliona tatizo hili huongeza tangazo jingine, dogo zaidi, ili kulishinda lile la awali. Hufanya kazi, ila jedwali hubaki na viraka viwili mahali pa kimoja. Fundi mzuri hulitafuta tangazo lililosahauliwa na kuliondoa, kisha huhakikisha njia zote mbili zinatangaza makundi yaleyale, ili uamuzi ubaki kwa vigezo vilivyowekwa kwa makusudi.

Sasa njia ya kurudi. Tuseme ofisi ina fayawoli mbili, moja mbele ya laini maalumu na nyingine mbele ya VPN. Ombi la kufungua mawasiliano ya TCP linatoka kupitia ya kwanza. Upande wa wingu, jedwali linasema ofisi hufikiwa kwa VPN, basi jibu linarudi kupitia fayawoli ya pili. Hiyo haikuliona ombi. Kwake jibu hilo ni mgeni asiyealikwa, na hulitupa. Kila kifaa kimetimiza wajibu wake barabara, na bado mawasiliano hayapo. Ugumu wa hitilafu hii ni kwamba hakuna kifaa cha kulaumiwa. Kumbukumbu za wingu huonyesha pakiti imeruhusiwa. Fayawoli ya kwanza nayo huonyesha imeruhusiwa. Anayesoma kumbukumbu hizo mbili tu ataapa kwamba tatizo liko kwenye programu.

Tiba ya haraka ni kuilegeza fayawoli ya pili ili ikubali kila kitu, na wengi ndivyo wanavyofanya. Hiyo ni kazi mbovu hata pale inapofanikiwa, kwa sababu imeuza ulinzi ili kununua njia. Kazi nzuri huanza kwa kunasa pakiti sehemu mbili kwa wakati mmoja, upande wa ofisi na upande wa wingu, kwa tcpdump au chombo kinachofanana nayo, na kuzilinganisha saa kwa saa. Ombi likionekana pande zote mbili na jibu likaonekana upande wa wingu tu, mjadala umekwisha: jibu linapotea njiani kurudi. Baada ya hapo hurekebishwa vigezo vya BGP. Ofisi huweza kuirefusha njia ya VPN kwa kurudia namba yake ya mtandao kwenye tangazo, ili wingu liione ni ya mbali. Au penye laini zaidi ya moja za Direct Connect, kuambatisha kwenye ile inayotakiwa alama ya 7224:7300, ambayo AWS huisoma kuwa ni ombi la kipaumbele cha juu.

Zipo njia za kurudi zilizofichika zaidi, na kuzijua ni alama ya uzoefu wa kweli. Kwenye Google Cloud, huduma ya DNS ikipeleka maswali kwa seva ya majina iliyo ofisini, maswali hayo hutoka kwenye anwani za 35.199.192.0/19. Kwa macho ya ruta ya ofisini hizo ni anwani za umma, kwa hiyo huyatupa majibu kwenye intaneti, ambako hayatafika kamwe. Mtandao mzima unapita vizuri, ila majina hayapatikani. Ofisi inapaswa kuwa na njia ya kundi hilo kupitia handaki.

Hitilafu ya ukubwa wa pakiti ina tabia yake, na mjuzi huitambua kwa kusikia tu: kuingia kunawezekana, ukurasa mdogo unafunguka, faili kubwa linakwama. Pakiti ya kawaida ya Ethernet hubeba baiti 1500. IPsec huongeza vichwa vyake, kwa hiyo nafasi ndani ya handaki hupungua. Kwenye VPN ya AWS ukomo ni baiti 1446, na mzigo wa TCP haupaswi kuzidi 1406. Pakiti kubwa iliyokatazwa kugawanywa ikifika mdomoni mwa handaki, ruta huitupa na kurudisha ujumbe wa ICMP kueleza ukubwa unaoweza kupita. Fayawoli nyingi huzuia ICMP yote kwa kuihofia, na mtumaji hubaki akituma pakiti ileile bila kujua kosa lake. Fundi stadi hupima kwa ping yenye marufuku ya kugawanya, akianza na mzigo wa baiti 1472, ambao pamoja na vichwa hutimiza 1500, akishuka hadi pakiti ipite.

Kuhusu BGP yenyewe, neno la kuangaliwa ni hali ya kikao. “Active” huwapotosha wanaoanza; maana yake ni kwamba kikao bado kinatafutwa. Kikao kilichosimama huitwa “Established”. Kisiposimama, huangaliwa kwanza poti 179 ya TCP, namba za mitandao na nywila. Kikao kilichokuwa kikifanya kazi kisha kikaanguka siku ofisi ilipoongeza tawi jipya kinastahili swali jingine: zimetangazwa njia ngapi? Kwenye kiunganishi cha binafsi cha Direct Connect ukomo ni njia 100 kutoka ofisini, na zikizidi, kikao chote huangushwa pamoja na zile zilizokuwa halali.

Ping iliyojibiwa haithibitishi kwamba poti ya programu iko wazi, na traceroute huonyesha vituo vya safari ya kwenda tu. Fundi anayeifanya ya ofisini aifanye na ya winguni. Ucheleweshaji nao husomwa kwa kujua umbali. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi katika mkongo wa kilomita 4,000 hakuwezi kupungua milisekunde 40, na hakuna marekebisho ya ruta yatakayobadilisha hilo. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, ofisi za Afrika Mashariki zenye seva Johannesburg au Cape Town hazikuwa na hitilafu ya jedwali. Barabara yenyewe ya kusini ilikuwa imekatika.

Matengenezo yenyewe hupimwa kwa udogo wake. Badiliko moja hufanywa kwa wakati mmoja, kukiwa na hali ya awali iliyohifadhiwa na namna ya kuirudisha. Ripoti nzuri hutaja kilichoonekana, kilichobadilishwa na saa yake, pamoja na vipimo vya kabla na baada, vya pande zote mbili. Ripoti inayosema “tumerekebisha mipangilio” haifai kupokelewa.

Mwisho hujaribiwa akiba. Kiwango cha BGP hupendekeza kungoja sekunde 90 bila ishara kabla ya kukitangaza kikao kimekufa. Kwa programu nyingi huo ni muda mrefu mno, ndiyo maana itifaki ya BFD hutumika kugundua kifo hicho kwa muda usiofika sekunde moja au mbili. Fundi anayejiamini huomba saa tulivu usiku, hukata laini maalumu kwa makusudi, huhesabu sekunde hadi trafiki ihamie VPN, huthibitisha kwamba jibu nalo limehamia, kisha huirudisha laini na kuhesabu tena.