Hatia na Utupu katika Kichwamaji

Tangu riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974, wahakiki wengi wameisoma kama hukumu ya mwandishi kwamba maisha hayana maana, na asili ya hukumu hiyo wameitafuta kwa Albert Camus. Usomaji huo si wa kubezwa. Lakini wapita mbio juu ya jambo moja: hadithi imetiwa kinywani mwa Kazimoto, naye ni shahidi ambaye pia ni mshtakiwa.

Viktor Frankl, tabibu wa magonjwa ya akili wa Vienna, aliyetoka katika makambi ya Wanazi mwaka 1945 akiwa amefiwa na mke, wazazi na ndugu, alifundisha kwamba maana hupatikana katika kazi, katika upendo, na katika namna mtu ayabebavyo mateso yasiyoepukika. Neno hilo la mwisho ndilo lenye uzito hapa. Kazimoto ana elimu ya chuo kikuu, na anaye Sabina. Kifo cha dada yake Rukia, aliyetiwa mimba na Manase, na kile cha mama yake, ni misiba iliyomjia bila ya yeye kuitafuta. Mtoto aliyezaliwa na kichwa kikubwa ni shauri jingine. Wa Manase alizaliwa vivyo hivyo. Na Kazimoto, aliyemchukia Manase kwa uasherati, anatambua kwamba ugonjwa ule ule ameuingiza nyumbani mwake kwa mwenendo wake mwenyewe. Hiyo ni hatia, si utupu. Badala ya kulibeba deni lake, analigeuza kuwa kanuni ya ulimwengu mzima, kisha anajiua kwa kanuni hiyo. (Frankl, ni haki kusema, hakuisahau hatia: aliitaja pamoja na maumivu na mauti, akashikilia kwamba mwenye kosa aweza kubadilika.)

Kama Kezilahabi angetaka kuthibitisha utupu tu, ugonjwa ule haukuhitajika, kufiwa kungetosha. Kuuchagua ugonjwa wenye chanzo kijulikanacho ni kumwachia msomaji mlango wa kumhoji msimulizi.

Wahakiki wamemsahau Sabina, pengine kwa sababu hadithi si yake kuisimulia. Mtoto aliyekufa alikuwa wake pia, wala yeye hakufikia uamuzi wa mumewe.