Kuaga Ukapera Kalangala: Bajeti Inapovujia

Bajeti ya wikendi ya kuaga ukapera haifi kwa sababu ya bei. Bei za Kampala zinajulikana, na asiyezijua akipiga simu mbili tatu anaambiwa. Inakufa kwa sababu wanaume 11 wameandika "nipo" kwenye kundi la WhatsApp, mpambe wa bwana harusi akagawanya gharama kwa 11, na siku ya kuondoka wakatokea 7. Pengo la hao wanne lazima lizibwe na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mpambe, ambaye bado hajamaliza kulipia suti.

Ugonjwa huu una asili yake. Harusi ya Kampala hujengwa na mikutano ya harusi. Jamaa na marafiki hukutana kwenye bustani ya hoteli au baa, wana mwenyekiti na mweka hazina, bajeti inasomwa watu wakisikia, na kila mmoja anataja ahadi yake au anatoa taslimu palepale. Msomaji wa Dar es Salaam ana kamati na kadi za mchango; mambo ni yaleyale, ila Kampala ahadi hutolewa kwa mdomo, mbele ya hadhara, na hadhara hiyo ndiyo inayoibana. Asiyelipa ataulizwa mkutano ujao, tena huku shangazi zake bwana harusi wakimtazama. Safari ya kuaga ukapera imeazima ahadi lakini haikuazima hadhara. Shangazi hayumo kwenye kundi la WhatsApp, na hatakiwi awemo. "Nipo" ya humo haina wa kuidai.

Halafu mifuko ni ileile. Rafiki wa karibu wa bwana harusi ameshachangia kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho kwa wakwe, akashona kanzu, akabeba zawadi hadi kwa wakwe. Ameshaahidi kwenye mkutano wa harusi. Sasa anaombwa mara ya tatu. Mpambe anayejua kazi yake hapigi hesabu ya bei kwanza. Anatazama kalenda: mishahara inaingia lini, mkutano wa mwisho wa harusi ni lini, na katikati ya hapo kuna mwisho wa miezi mingapi. Kama upo mmoja tu, safari iwe fupi.

Tuje kwenye mahali. Ndoto ya wengi ni Mombasa au Diani, na si ndoto ya mbali sana: Uganda Airlines inaruka kutoka Entebbe hadi Mombasa, na tangu 2014 Mganda anaingia Kenya kwa kitambulisho chake cha taifa. Lakini tiketi ya ndege hununuliwa mapema kwa jina la mtu, na jina lile halihamishwi kirahisi likapewa mwingine. Kundi ambalo halijui kama litakuwa la watu 7 au 11 halina biashara na tiketi za ndege. Ndiyo maana vijana wengi wa Kampala huishia kwenye ufuko walio nao, yaani ziwa: Munyonyo, Entebbe, au Kalangala kwenye visiwa 84 vya Ssese. Nachambua Kalangala kwa sababu hesabu yake inafundisha zaidi.

Kwa miaka mingi meli ya MV Kalangala imekuwa ikiondoka Nakiwogo, Entebbe, saa 8 mchana na kufika Lutoboka, kisiwa cha Bugala, baada ya kama saa tatu na nusu. Kurudi huondoka Lutoboka saa 2 asubuhi. Nauli ya daraja la pili imedumu muda mrefu kwenye shilingi 10,000 za Uganda, la kwanza 14,000. Ni bei ya kuchekesha ukiilinganisha na gharama nyingine zote za safari hii, na hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa kuwa gharama halisi ya meli ile ni saa yake. Mkiondoka Jumamosi, mnafika saa 11 na nusu jioni na kesho yake saa 2 asubuhi mnatakiwa gatini mkiwa na vichwa vizito. Saa 14 na nusu kisiwani, sehemu kubwa ya hizo giza. Mkitaka wikendi kamili, lazima muwe Nakiwogo Ijumaa kabla ya saa 8, maana yake kila mmoja aombe ruhusa kazini tangu asubuhi. Ruhusa haiandikwi kwenye bajeti, lakini ndiyo inayowatoa watu safarini kuliko fedha. Mwenye duka Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, hafungi Ijumaa. Piga simu bandarini pia kabla hamjalipa chochote, kwa sababu meli hiyo huondolewa majini kwa matengenezo.

Ipo njia ya pili: barabara hadi Masaka, kisha Bukakata, na kivuko cha kwenda Luuku ambacho hakitozi nauli. Neno "bure" limewaponza wengi. Kivuko ni bure, lakini sasa mnahitaji gari lenu kwa siku zote tatu, pamoja na mafuta, dereva, na malazi ya dereva.

Hapa ndipo penye kiini. Gharama za safari ya kundi ni za aina mbili, na hazipaswi kukaa kwenye safu moja ya daftari. Zipo za kichwa: tiketi ya meli, kitanda, sahani ya chakula. Asipokuja mtu, gharama yake haiji. Na zipo za kundi: basi la kukodi, boti, mbuzi na mchomaji wake. Hizi bei yake ni moja muwe wangapi, na anayejitoa anamwachia mwenzake mzigo wake.

Tuchukue mfano, tarakimu za kufanyia hesabu tu. Watu 12, bwana harusi mmojawapo na hatozwi, kwa hiyo walipaji ni 11. Gharama za kichwa: meli kwenda na kurudi 20,000, kitanda kwa usiku mbili 120,000, milo 100,000, jumla 240,000. Gharama za kundi: basi la kuwapeleka na kuwarudisha 600,000, boti ya kuzunguka visiwani 500,000, mbuzi na mambo yake 400,000, jumla milioni 1.5. Ongeza 240,000 za bwana harusi, ambazo nazo ni za kundi japo watu husahau kuziweka huko. Kila mlipaji anatoa karibu 398,000. Sasa wanne wajitoe. Waliobaki 7 wanatakiwa kutoa karibu 489,000 kila mmoja. Nyongeza ya 90,000 inayotangazwa Jumatano usiku kwa safari ya Ijumaa humtoa mtu wa tano, na hapo hesabu inaanza kujila yenyewe.

Futa basi na boti. Kila mtu apande teksi zake hadi Entebbe na kutoka huko, tuseme 20,000 kwenda na kurudi, na nauli ya bwana harusi ilipiwe na wenzake. Mlipaji mmoja kati ya 11 anatoa 320,000. Wakibaki 7, kila mmoja anatoa kama 354,000. Nyongeza ni 34,000, kiasi ambacho mtu analalamika kidogo kisha analipa. Safari ya pili ni nafuu, ndiyo, lakini jambo la maana zaidi ni kwamba inastahimili watu kujitoa. Mimi ningeichagua hata kama bei zingelingana.

Wenye magari watasema waende na magari yao matatu, wapite barabara ya mwendokasi ya Entebbe. Sawa, ila toka Januari 2022 barabara hiyo ina tozo, gari dogo 5,000 kwa safari, na lazima mjue mapema nani anamlipa nani mafuta. Urafiki mwingi wa Kampala una deni la mafuta ndani yake.

Boti naielezea kwa kirefu kwa sababu ndiyo kipengele kinachoua, na simaanishi bajeti. Jumamosi ya tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama Ziwa Victoria, karibu na Mutima, wilaya ya Mukono, ikiwa na watu waliotoka Kampala kula raha. Walikufa zaidi ya 30, mwenye boti na mkewe wakiwa miongoni mwao. Mwanamfalme David Wasajja, nduguye Kabaka wa Buganda, aliokolewa. Kwa maelezo ya polisi, boti ya kubeba watu kama 50 ilikuwa na zaidi ya 100, na serikali ilisema haikuwa na leseni. Haikuwa safari ya kuaga ukapera, lakini angalia hesabu ya boti yoyote ya kukodi. Bei ni moja, kwa hiyo kila kichwa kinachoongezwa kinapunguza mchango wa wengine. Boti ya 500,000 kwa watu 10 ni 50,000 kila mmoja; kwa watu 20 ni 25,000. Daftari la mweka hazina linaomba watu zaidi, na ziwa halilijui daftari. Nyumba ya kukodi ina tabia hiyohiyo, lakini huko adhabu ni kulala kwenye godoro sebuleni.

Dawa yake ni ya kihasibu kabisa: boti igeuzwe kuwa gharama ya kichwa. Mwenye boti aulizwe leseni na idadi ya abiria anaoruhusiwa, maboya ya kuvaa yahesabiwe kwa macho yakiwa gatini, na bei ya kiti ipangwe kwa idadi hiyo kabla jina la kwanza halijaandikwa. Viti vikijaa, vimejaa, hata binamu akitokea ghafla. Msipomudu bei ya kiti namna hiyo, kaeni ufukweni Lutoboka mle samaki.

Pombe isikae na vitu vingine. Katika wanaume 11 wa Kampala humkosi mlokole, Mwislamu, na anayeendesha gari kesho, na kuwatoza bia wasiyokunywa ni namna ya uhakika ya kuwapoteza kabla ya awamu ya pili ya malipo. Pombe iwe na mfuko wake, wenye ukomo: kreti kadhaa zikiisha, kila mtu na kaunta. Mweka hazina asisahau chupa tupu, kwa sababu ukinunua kreti bila kurudisha chupa unaweka amana, na Jumapili asubuhi nusu ya amana hiyo imelala kwenye nyasi za watu.

Michango inapita kwenye simu, na simu nayo inakula. Uganda ilianza kutoza kodi miamala ya fedha kwa simu Julai 2018 kwa asilimia 1. Baada ya kelele za wananchi ikashushwa kuwa asilimia 0.5, na inakatwa unapotoa fedha tu. Kwa mfano wetu wa kwanza, jumla ni 4,380,000. Mweka hazina akiitoa yote taslimu, kodi peke yake ni 21,900, zaidi ya nauli ya meli ya mtu mmoja kwenda na kurudi, kabla ya ada ya kampuni ya simu. Kwa hiyo hoteli ilipwe moja kwa moja kwa simu, na taslimu itolewe ya teksi na mchomaji tu. Na kila mchangiaji aambiwe mapema atume "na ya kutolea". Akituma kasoro elfu mbili, na wenzake wakafanya hivyohivyo, pengo ni 22,000.

Orodha ya kundini iwe ya waliolipa, si ya walioahidi. Jina linapanda fedha ikiingia, na kiasi kikiwa pembeni:

1. Mpambe – 320,000, amemaliza
2. Kaka wa bwana harusi – 200,000, bado 120,000
3. Jirani wa Ntinda – 100,000

Ikibandikwa upya kila jioni, inafanya nusu ya kazi ya mkutano wa harusi. Na gharama zigawanywe kwa idadi ya majina yaliyomo ndani ya orodha hiyo tarehe ya mwisho ikifika. Anayelipa baadaye anakaribishwa, na mchango wake unaingia kwenye akiba ya dharura, ambayo haipaswi kupungua sehemu moja ya kumi ya jumla. Ikibaki, peleka kwenye mkutano ujao wa harusi kama mchango wa kundi zima, kwa sauti, mwenyekiti aandike. Wale wanne waliojitoa watakuwa wamekaa hapohapo.