Sifa kwa Fundi wa Sampu

Oili ya gari haidondoki mahali ilipovujia. Hutoka juu, ikatambaa ubavuni mwa injini, ikafuata kingo na vichwa vya bolti, upepo wa barabarani ukaisukuma nyuma, mwishowe ikaning'inia pale palipo chini kuliko pote. Hapo ndipo ilipo sampu, bakuli la bati lililofungwa tumboni mwa injini kuhifadhi oili. Kwa hiyo sampu husingiziwa makosa mengi yasiyo yake, na fundi anayejua kuihukumu kwa haki anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa Nairobi.

Nimelitambua hili kupitia Datsun 1600 ya jirani yangu, mwalimu mstaafu. Gari hilo ni la ukoo mmoja na Datsun iliyoshinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1970, Edgar Herrmann akiwa kwenye usukani. Herrmann alirudia ushindi 1971 kwa Datsun 240Z, na 1973 Shekhar Mehta akashinda kwa 240Z pia. Vijana wa enzi hizo walizipenda Datsun kwa dhati, na wengi walizinunua walipopata mishahara. Mbio zile zilifundisha jambo ambalo waendeshaji wa barabara za lami hulisahau: gari huuawa kutoka chini. Jiwe moja likitoboa sampu, oili humwagika yote, na injini isiyo na oili hujitafuna kwa muda mfupi sana. Ndiyo sababu magari ya Safari hufungiwa bamba zito la chuma chini ya injini.

Datsun ya Mwalimu haikugongwa na jiwe. Ilikuwa ikiacha doa kila ilipoegeshwa, na doa likawa linakua. Mafundi kadhaa waliiinamia, wakaona sampu imelowa, wakakaza bolti wakaondoka. Kukaza huko ndiko kulikozidisha maradhi. Bolti za sampu ni nyembamba, za spana namba 10, na bati lake ni laini. Ukizikaza kwa nguvu, bati hubonyea kuzunguka kila tundu, na katikati ya bolti na bolti hubaki mwanya. Oili hupita hapo. Anayekuja baada yako anaona imevuja zaidi, naye anakaza zaidi.

Fundi aliyeimaliza kazi ana gereji katika kichochoro cha Kawangware, si mbali na Naivasha Road. Alipolala chini ya gari mara ya kwanza hakushika spana. Aliomba mafuta ya taa na brashi, akaosha injini yote kuanzia juu hadi chini, akaifuta mpaka ikakauka, kisha akaipaka poda ya watoto kila mahali alipopashuku. Akawasha gari, akaliacha lingurume hadi lipate moto, akarudi chini na tochi. Kwenye ile poda nyeupe oili ilijichorea njia yake, kila mfereji na chanzo chake.

"Mwalimu, sampu ni mbovu, lakini haiko peke yake," alisema. "Kava ya tapeti nayo inatoa. Na hili bomba la kupumulia limeziba."

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nimwamini. Injini hupumua. Moshi kidogo hupenya kandokando ya pistoni na kushuka chini, na usipopata njia ya kutoka hujaa humo na kuisukuma oili nje kupitia kila mshono dhaifu. Unaweza kufunga sampu mpya leo, na bomba likibaki limeziba, ukaanza kuona matone tena baada ya muda mfupi. Fundi asiyejua hili atalaumu gasketi. Anayejua husafisha bomba kwanza, na kazi hiyo haimgharimu mteja hata spea moja.

Oili ilimwagwa jioni, gari likaachwa lichuruzike usiku kucha, maana oili ya zamani ni nzito na huendelea kudondoka kutoka kwenye krenki muda mrefu baada ya kizibo kufunguliwa. Ukiwahi kubandika gasketi, tone moja litaangukia ukingo na kuharibu kila kitu. Asubuhi injini ikainuliwa kidogo kwa jeki, kipande cha ubao kikiwa katikati, ili sampu ipate nafasi ya kutoka. Bolti zote zilikwisha kufunguliwa na sampu bado imeng'ang'ania. Hapo wengi huingiza bisibisi na kubandua kwa nguvu, wakaukwangua ukingo wa injini wenyewe. Yeye alipitisha kisu chembamba pole pole, pande zote, hadi ikaachia.

Na sampu ikishuka, maisha ya gari husomeka. Alipitisha kidole kwenye tope jeusi lililotulia chini, akalisugua kwenye kiganja juani, akitafuta punje zinazometa. Punje za rangi ya shaba au fedha zingekuwa habari mbaya ya beringi. Hakuna. Mwalimu aliyekuwa amesimama kimya muda wote akavuta pumzi. Kulikuwa na vipande vya silikoni iliyokauka, mabaki ya mafundi waliotangulia. Silikoni ikipakwa kwa wingi, inayobanwa ndani hukatika na kuogelea kwenye oili hadi kwenye chujio la pampu, ikaliziba. Nimesikia watu wakisifu silikoni kama dawa ya kila kitu. Si kweli, na injini nyingi zimelipa kwa imani hiyo.

Sampu yenyewe ilikuwa imekwisha: kutu imeila, matundu yamebonyea, uzi wa kizibo umechakaa. Ikabidi kwenda mjini, Kirinyaga Road, ambako wengi bado hukuita Grogan, jina la zamani la barabara hiyo lililotokana na Ewart Grogan, mlowezi aliyesifika kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo. Leo ni mtaa wa spea, mafundi na wachomeleaji. Kutafuta sampu ya Datsun kuukuu hapo kunahitaji macho. Injini inaweza kuwa ile ile na tumbo la sampu likawa mbele badala ya nyuma, kulingana na gari ilimotoka. Fundi alikuwa amebeba ile mbovu mkononi, akailinganisha na kila aliyoonyeshwa, tundu kwa tundu, mpaka akaipata ndugu yake.

Hakuifunga hivyo hivyo. Aliipaka chaki nje, akamimina mafuta ya taa ndani, akaiacha. Ufa usioonekana kwa macho hujitangaza kwa doa kwenye chaki. Ilipofaulu, akalaza ukingo wake juu ya chuma bapa na kuunyoosha kwa nyundo ndogo, akipima kwa rula.

Gasketi za enzi zile zilikatwa kutoka kwenye gome laini linalotengenezewa vizibo vya chupa za divai, na zikikaa miaka mingi husinyaa na kukatika. Mpya ya kiwandani haikupatikana, kwa hiyo alinunua karatasi ya gasketi, akailaza juu ya ukingo wa sampu na kuigonga kwa kichwa cha mviringo cha nyundo, pole pole, hadi ukingo wenyewe ukaikata. Sikio langu lilisikia mdundo mmoja, wa haraka na mwepesi, kama wa fundi cherehani akishona pindo. Nimeona kazi nyingi za mikono jijini, na sijaona nyingine inayonipa furaha kuliko hii.

Kukaza kulifuata mpangilio: kuanzia katikati kwenda pembeni, upande huu kisha ule, mizunguko midogo, kwa vidole na mkono mfupi wa spana. Akaacha gasketi ikae, akarudi kukaza mara moja tena, kidogo tu. Kisha oili mpya, filta mpya, na bomba la kupumulia likiwa wazi.

Kila mwaka kwenye Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, mashindano yaliyoanza 1970 na yanayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo, majaji hukagua hata chini ya gari. Watazamaji hupiga picha rangi na kromu. Mwenye gari hupewa kikombe. Jina la aliyelala mgongoni kwenye vumbi la Kawangware halitajwi, na hilo si haki. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, kwa hiyo magari haya ya zamani tuliyo nayo yanaishi kwa mikono ya watu kama yeye.

Ukiwa na gari kuukuu linalodondosha oili, mtafute fundi anayeosha kabla ya kufungua. Mpe usiku wa kuchuruzisha na usiku wa gasketi kukaa, usimsimamie ukimharakisha. Mlipe ufundi wake kama unavyolipa spea, bila kuomba upunguziwe. Na ukisimama kwenye nyasi za Ngong Racecourse ukisifiwa gari, mtaje kwa jina.