Filme yenye ilisikiliza wabakaji, kisha ikawaacha

Hii wiki nilirudilia kutazama The Greatest Silence, filme ya Lisa F. Jackson ya 2007 juu ya ubakaji huku kwetu. Wengi wanaisifu kwa ajili ya ushuhuda wa wamama, na ni haki yao. Mimi nataka kuongea juu ya sehemu ingine: pale anaingia pori kuuliza wapiganaji wenye walibaka. Wanajibu bila haya. Mmoja anaeleza kama kubaka ilikuwa sharti ya dawa ya vita.

Kisha? Kamera inazimwa, nao wanarudi pori. Hapo njo filme inanikwaza. Inatuonyesha kama hawa watu wanaweza kuongea, lakini haiulizi nani angebakia nao, mtu mwenye alifundishwa hiyo kazi.

Tangu 2013, kule Kavumu, Kivu ya Kusini, watoto wasichana karibu 40 waliibwa usiku na kubakwa. Imani ilikuwa ya ukoo moja na ile: damu ya mtoto inakinga wapiganaji. Mwezi wa Desemba 2017, tribinali ya kijeshi ilipa wanaume 11 kifungo cha maisha, na depite wa jimbo Frederic Batumike kati yao. Tulifurahi. Lakini hukumu ilikuja watoto wamekwisha kuumizwa.

Tuko na sheria ya 2006 juu ya ubakaji, tuko na ile ya 2009 ya kulinda mtoto. Panzi inatunza wenye waliumizwa. Nani anafundishwa kukaa mbele ya mwanaume mwenye anaweza kuumiza mtoto, ao mwenye anatoka gereza? Hapa Goma, Institut Supérieur du Lac na Promundo walianzisha Living Peace: vikundi vya wanaume vyenye kuongozwa na watu wenye walifundishwa, wanaongea juu ya vita na jeuri yao nyumbani. Haikutengenezwa kwa wabakaji wa watoto, lakini inaonyesha njia.

Mtaniambia: feza iende kwanza kwa watoto. Kweli, isipunguzwe hata franka moja. Lakini sisi wa agronomia tunajua: mnyauko wa ndizi hauishe kwa kuchunga migomba mizima tu. Lazima mwenye kujua aende kwenye ugonjwa wenyewe, na kisu chenye kimechomwa moto.

Wenye mnasoma sikolojia, sheria na uganga, muombe hiyo kozi. Mtoto mwenye hajaumizwa bado, naye anatuhusu.