Moshi na Uvundo Katika Vitambaa vya Mfarishi

Kitambaa cha pamba kilichokwisha kutumika huja na harufu za namna mbili. Moja ni ya moshi, wa sigara au wa kuni. Nyingine ni uvundo, yaani harufu ya kuvu iliyoota ndani ya nyuzi. Fundi wa Mombasa anayeshona mfarishi kwa leso kuukuu na nguo za mitumba kutoka soko la Kongowea huzikuta zote mbili katika furushi moja, na kosa la kwanza ni kuzitibu kwa dawa moja.

Moshi ni chembe ndogo mno zilizobeba mafuta na lami, na pamba huzishika kwa urahisi. Moshi wa sigara una nikotini, ambayo kikemia ni besi. Siki ni asidi, hivyo huigeuza nikotini kuwa chumvi inayoyeyuka majini: kikombe kimoja cha siki nyeupe kwa vinne vya maji, nusu saa, kisha sabuni. Moshi wa kuni ni kinyume chake. Umejaa fenoli zenye uasidi hafifu, nazo hulegea katika maji ya moto yenye magadi, yale yale yanayolainisha maharagwe jikoni. Hariri na sufu zisitiwe magadi kabisa, na leso yenye rangi kali ijaribiwe pembeni kwanza. Siki na magadi zikitiwa beseni moja, povu hutoka jingi lakini hakuna kinachosafika. Asidi na besi zimekwisha kubatilishana.

Uvundo una chakula chake. Leso mpya hutoka dukani imekazwa kwa wanga, na leso iliyowekwa sandukuni miaka mingi bila kufuliwa bado inao. Kuvu hula wanga huo, pamoja na jasho na vumbi, hasa wakati wa masika, hewa ya kisiwa cha Mombasa inapojaa maji. Kuloweka katika maji ya moto kwa saa kadhaa huondoa wanga, na hiyo ndiyo tiba yenyewe, kwa sababu kuua kuvu na kuacha chakula chake ni kuikaribisha tena. Jiki, dawa ya kupaushia nguo, huua kuvu upesi, lakini hula rangi ya leso na kudhoofisha uzi. Kwa kitambaa cheupe itafaa. Kwa leso ni hasara.

Jambo linalosahaulika zaidi ni maji. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi, na sabuni ya mche haitoi povu ndani yake ila utando mweupe unaoganda kwenye nguo. Sabuni ya unga huvumilia zaidi. Hata hivyo, madhara makubwa huja baada ya kufua. Chumvi iliyobaki katika nyuzi huanza kufyonza maji ya hewani unyevu ukifika takriban asilimia 75, kiwango ambacho usiku wa Mombasa hukipita mara nyingi. Kitambaa kilichokauka adhuhuri huwa kinyevu tena alfajiri bila kuguswa na tone la mvua, na kuvu hurudi. Maji ya kisima yatumike kulowekea na kufulia. Kusuuza kwa mara mbili za mwisho kuwe kwa maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua, hata ikibidi kununua mtungi.

Kukausha nako kuna mahali pake. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, jua hupita kwa muda mfupi, na kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa hutunza unyevu. Kitambaa kilichoanikwa ndani karibu na ukuta kitanuka ukuta. Juu ya paa, penye upepo, ndipo panapofaa, upande wa nyuma ukitazama jua ili rangi isipauke. Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndio bora kwa kazi hii.

Udi huja mwisho. Kufukiza nguo juu ya chetezo ni ada nzuri ya pwani na inastahili kuheshimiwa, lakini moshi wa udi nao ni moshi: hukaa katika nyuzi kama ule mwingine. Ukipitishwa juu ya kitambaa kichafu, huficha uvundo kwa siku chache, kisha harufu mbili huchanganyika ikawa vigumu kuzitenganisha.

Kipimo cha mwisho ni pua na maji ya vuguvugu. Kitambaa kikavu huficha harufu, kwa sababu maji ndiyo yanayoisukuma itoke kwenye nyuzi. Kila kipande kinyunyiziwe kidogo, kikunjwe mkononi, kisha kinuswe. Kinachonuka kirudishwe beseni kabla ya mkasi kukigusa, maana kikishashonewa pamba ya ndani hakitakauka upesi, na kipande kimoja chenye kuvu huambukiza mfarishi mzima.